Ng'ombe Waliokwenda Kutembea

Mimi ndiye niliyetaja jina. Wanaume wapatao arobaini walitoka uani kwangu na mapanga, mishale na gobori moja, wakaenda kuchoma boma la Mzee Lemburis kwa sababu mimi, Mama Neema, nilisema ng'ombe ni wake. Ndani ya boma lile alikufa mama yake mzazi, bibi kipofu ambaye sote tulimwita Kokoo. Aliyemuua mume wangu hakuwa Lemburis, wala hakuwa mtu wa boma lake.

Nimesikia habari hizi zikisimuliwa Handeni na Korogwe kwa namna nyingi. Katika zote mimi ni mjane aliyekaa chini akilia. Ndiyo maana naandika mwenyewe, kwa mpangilio, jinsi zilivyotokea miaka tisa iliyopita.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya josho, ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe. Nilizaliwa Kerenge katika nyumba ya Wasambaa, nikaolewa na Yona, Mzigua wa upande wa Mazingara. Kwa kuwa nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka, kamati ya josho ilinipa daftari. Kila Alhamisi nilikaa kwenye kigoda karibu na njia ya kutokea, ng'ombe wakipanda kutoka kwenye dawa wakijitikisa, nami nikiandika nani ameleta wangapi. Ukikaa hapo miaka minane unajua masikio yote. Kila mfugaji ana namna yake ya kuyakata. Ng'ombe wa Lemburis walikatwa ncha ya sikio la kulia, na la kushoto lilikuwa na mapengo mawili upande wa chini.

Asubuhi ile Lemburis alileta ng'ombe wachache kuliko kawaida.

"Takwenya," alinisalimu, kama Wamasai wenzake wanavyowasalimu wanawake.

"Iko. Na shikamoo, mzee."

"Marahaba. Andika kumi na nne."

"Mbona wamepungua? Umeoa tena?"

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. "Nikioa tena mama yangu atanifukuza bomani. Wengine wamekwenda kutembea."

Nilielewa. Ulikuwa mwaka wa pili wa ukame. Katika ukame mfugaji hugawa mifugo yake kwa marafiki wa mbali, kila mmoja amchungie kidogo, ili njaa au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine usalie. Ng'ombe hubaki na masikio ya mwenyewe, lakini huswagwa na fimbo ya mtu mwingine na kulala kwa mtu mwingine. Niliandika kumi na nne. Pembeni niliandika kwamba wengine wako kwa rafiki. Sikumuuliza rafiki gani.

Saa saba nilikuwa nyumbani. Tulikula ugali na mlenda. Yona alinusa mkono wangu, akasema, "Mama Neema, hata mlenda leo umeogeshwa." Alichukua jembe akaenda bondeni, kwenye kipande pekee cha mahindi kilichokuwa bado kijani. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na ninayashukuru, kwa sababu kuna wanawake wa kijiji chetu waliobaki na maneno ya ugomvi.

Saa tisa na nusu Bakari alikuja mbio. Bakari ni mdogo wake Yona. Baba yao mmoja, mama mbalimbali, mmoja Mkristo na mwingine Mwislamu, na walilima shamba moja bila kuweka mpaka.

"Shemeji, kaa chini."

Sikukaa.

"Wamemchoma Yona."

"Yuko wapi?"

"Wanamleta."

Walimleta juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa amechomwa mkuki mara mbili, mgongoni. Hakuna aliyeona. Nyayo zilionyesha kwamba aliwakuta ng'ombe ndani ya mahindi, akawa anawaswaga kuja nao kijijini wazuiliwe mpaka mwenyewe ajitokeze, kama ilivyo desturi. Mkuki ulitoka nyuma. Ng'ombe wakatawanyika, isipokuwa mtamba mmoja mwekundu aliyetumbukiza mguu kwenye mfereji akavunjika. Huyo naye walimburuta mpaka uani.

Walimlaza Yona chumbani. Kisha wote wakanigeukia mimi.

"Wewe unasoma masikio," Bakari alisema. "Ni wa nani?"

Nilimshika mtamba yule. Ncha ya kulia imekatwa. Kushoto, mapengo mawili.

"Wa Lemburis."

Pembe ikapigwa.

Kwetu pembe ikilia, mwanamume yeyote anayeisikia anatoka na alichonacho mkononi. Haulizi kwanza. Inapigwa kwa moto, kwa simba, kwa mauaji, na kuuliza kwanza ni aibu. Kwa hiyo kati ya wale arobaini, waliojua ushahidi wa jambo lile walikuwa Bakari na wale wachache waliobeba kitanda. Wengine walikuja kwa sauti ya pembe.

Waliondoka jua likiwa bado juu. Nusu saa baadaye niliona moshi upande wa magharibi, mweusi chini na mweupe juu, kama wa nyasi zenye samadi.

Nitasema kweli. Nilipouona nilifurahi.

Asubuhi iliyofuata wafugaji walikuja kulipiza. Walikuwa wengi kuliko watu wa boma moja.

Nyumba ya kwanza kuwaka ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji.

Nilikuwa na Yona. Nilimfunika vizuri na kanga yangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Tulikimbilia kalvati chini ya barabara, wanawake saba. Maji hayakuwemo, ni mchanga tu na mavi ya mbuzi. Mama mmoja alikuwa na kichanga. Alikipa ziwa muda wote.

Miguu ilipita juu. Kandambili za tairi. Zilikwenda, zikarudi, zikasimama.

Mtu alisema kitu kwa Kimasai. Mwingine akajibu kwa neno moja.

Wakaondoka.

Tulikaa mle mpaka mchana. Tulipotoka, nyumba kumi na mbili zilikuwa zimeungua. Yangu haikuguswa. Watu wanasema wafugaji huogopa nyumba yenye maiti, sijui. Yona alikuwa kama nilivyomwacha. Wanne wa kijiji chetu walikufa siku ile, na upande wao sikujua idadi, wala sikutaka kuijua. Bakari alipigwa mshale kwenye paja. Siku ya tatu walikuja askari wa kutuliza ghasia kwa magari mawili, na nyuma yao viongozi, na tukahutubiwa juu ya amani tukiwa tumekaa juu ya majivu.

Yona tulimzika watu tisa. Siku iliyofuata nilipanda gari kwenda kwa binti yetu, Neema, aliyeolewa Makuyuni, upande wa Korogwe.

Habari za Kokoo nilizipata kwa Bakari mwenyewe, nilipomtembelea wodini. Alitazama ukuta.

"Kulikuwa na bibi ndani, shemeji. Wengine wote walikimbia. Mimi ndiye niliyewasha ile nyumba. Sikujua."

Kokoo nilimjua. Kila mwezi alikuwa akinitumia kibuyu cha maziwa mgando, nami nikimrudishia chumvi.

"Vizuri," nilimjibu Bakari. "Na yeye Lemburis aonje."

Bakari alinigeukia akanitazama kama mtu asiyenifahamu.

Miaka iliyofuata niliishi kwa chuki, na niseme wazi kwamba chuki ilinitunza. Iliniamsha, ikanipeleka shambani kwa mkwe wangu, ikanifanya nipalilie heka nzima bila kupumzika. Polisi walisema aliyemuua Yona hajulikani. Lemburis alihojiwa, akathibitisha kwamba siku ile alikuwa joshoni na kisha nyumbani, na kwamba ng'ombe aliokuwa amewagawa hakumbuki nani alikuwa nao. Sikuamini kwamba hakumbuki. Nilimtafutia aliyechoma mkuki ule kila aina ya kifo. Nilipenda zaidi afe polepole, kwa ugonjwa wa kinywa, asiweze kula nyama.

Kanisani nilikwenda kila Jumapili. Nilisoma zaburi zile zinazomwomba Mungu avunje meno ya maadui, nikazisoma mpaka nikazijua kwa moyo. Katika Sala ya Bwana, tulipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, nilifunga mdomo. Wenzangu walimaliza mstari huo, nami nikaingia kwenye unaofuata. Nilifanya hivyo miaka saba, na hakuna aliyegundua.

Kilichonipindua ni kazi ya zamu. Kikundi cha akina mama cha usharika kilikuwa na bibi mmoja wa kumhudumia, Bibi Elinami, mjane kama mimi, aliyepofuka kwa uzee. Jumatano ilikuwa yangu: kumwogesha, kumpikia, kumsomea. Mchana mmoja nilikuwa jikoni kwake nikikaanga dagaa. Mafuta yakashika moto. Si moto wa kutisha. Nilifunika sufuria, ukazimika. Lakini makuti ya pembeni yalidakia kidogo, yakalia.

Bibi Elinami alikuwa kwenye mkeka mlangoni. Alisikia ule mlio.

"Moto uko wapi?" aliuliza.

Alisimama. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto, mikono imenyoshwa mbele.

"Mama Neema, moto uko wapi? Niende wapi?"

Alikuwa hatua mbili kutoka nje. Aligeuka akaanza kutembea kuja ndani, kuelekea kwangu, kuelekea motoni.

Nilimdaka. Nilimkalisha nje. Nami nikakaa chini kando yake.

Sasa niandike lile ambalo sikuwaambia polisi, wala Bakari, wala Neema.

Nilikumbuka. Wale wanaume walipoondoka na mapanga yao, kabla hawajafika kisimani, nilikumbuka maneno ya Lemburis ya asubuhi, kwamba wengine wamekwenda kutembea. Nilijua kwamba masikio yale hayathibitishi fimbo ni ya nani. Kutoka uani hadi kisimani si mbali. Wanawake huitana hapo kila siku. Ningeita, wangesikia. Bakari angegeuka.

Sikuita. Nilitaka mtu alipe kabla jua halijazama, na Lemburis alikuwa ndiye mtu tuliyekuwa na jina lake.

Nilikwenda kwa mwinjilisti wa usharika. Kwetu mtu aliyetengwa kwa kosa husimama mbele ya watu Jumapili moja, akatubu, akarudishwa kundini. Majina huandikwa kwenye kitabu, na kosa lake pembeni. Nilimwambia aniandike.

"Wewe?" alicheka kidogo. "Mama, hawa mabinti wamezaa kabla ya ndoa. Yule bwana alioa mke wa pili. Wewe mjane una nini? Au kuna mzee amekuja kuposa na hatujaambiwa?"

"Hakuna mzee."

"Basi hapa kwenye kosa niandike nini?"

Nilimweleza. Kalamu ilisimama. Kisha alisema, "Hili halina mahali kwenye kitabu hiki."

"Panua mstari."

Aliandika: Alinyamaza watu wakaenda kuua.

Nilisimama na mabinti watatu na bwana wa wake wawili. Nilisema yote, bila kumtaja aliyewasha moto. Nilipomaliza, mtu nyuma akasema kwa sauti, "Na wao wametuua wangapi?" Wengine waliguna kumuunga mkono. Sikumlaumu, miaka saba hiyo ndiyo iliyokuwa sala yangu. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani. Baadaye, mlangoni, aliniambia kwamba msamaha nimepewa bure, na kwamba Lemburis bado hajaambiwa.

Siku ile nilikula ugali wote uliokuwa mezani. Neema alinitazama, akaniongezea mboga. Tangu hapo ule mstari wa sala nausema. Kuna siku sauti inagoma katikati, naumalizia kwa midomo tu. Lakini nausema, na ninaposema naamini kuna anayesikia, hata pale ninapokuwa sitaki asikie.

Lemburis nilimkuta kwenye mnada wa ng'ombe, Handeni. Alikuwa amezeeka. Nilimsalimu, nikamwomba tusogee penye kivuli cha lori, nikamwambia.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Ulikumbuka kabla ya moshi au baada?"

"Kabla."

Alipiga ardhi kwa fimbo. "Mama yangu alikuwa akikutumia maziwa."

"Ndiyo."

"Ungekuwa mwanamume ningekupiga hapa hapa, wenye lori wakatazama."

"Ndiyo, mzee."

Alikwenda mpaka kwenye uzio, akashika mti wake kwa muda, akarudi.

"Nani aliwasha?"

Badala ya kujibu, nikauliza langu. "Na wewe, nani alikuwa na ng'ombe wako?"

Alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Unaona? Umekuja kutubu na kapu mkononi."

Ilikuwa kweli.

"Namjua," alisema. "Yuko hai. Ana wajukuu. Alikuja kwangu mwenyewe akaniambia amechoma mtu. Polisi niliwaambia sikumbuki, kwa sababu nilitaka mkae bila jina, kama mimi nilivyokaa bila mama." Alisogea karibu. "Nipe jina nikupe jina. Tumalize leo."

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka jina lile. Si mume, si mtoto, si wokovu. Jina la Bakari lilikuwa tayari kinywani. Nilijua Lemburis akilipata angefanya nini, na mimi nikilipata langu ningempa nani. Nilijua pia kwamba jina lililotoka kinywani mwangu mara ya kwanza lilifuatwa na wanaume arobaini.

"Sikupi wewe," nilisema. "Nampa polisi. Na wewe lako mpe polisi, si mimi."

"Wewe tangulia."

"Nikitangulia utakuja?"

"Mimi si mtu wa kanisa lako," alisema. "Tangulia."

Nilikwenda kwanza kwa Bakari. Ni fundi baiskeli sasa. Mguu haukupona vizuri. Alisikiliza huku akizungusha gurudumu.

"Shemeji, wokovu wako usinipeleke jela."

"Nitaanza na langu. Nitasema nilinyamaza."

"Wewe ulinyamaza, mimi nilishika kiberiti. Unadhani hakimu atamfunga nani?" Alisimamisha gurudumu. "Kaka angekukataza."

"Kaka yako amekufa."

"Amekufa. Na aliyemuua anakula nyama na wajukuu. Umetafuta mtu wa kufunga miaka yote hii, umempata mimi."

Nililia pale, na yeye aliniacha nilie. Kisha alisema, "Ile sauti ya yule bibi mimi naisikia, usifikiri siisikii. Nenda. Nitakimbilia wapi na mguu huu?"

Katika kituo cha polisi maelezo yangu yalijaza kurasa tatu. Niliyasoma yote, nikasahihisha mahali ambapo askari aliandika Ijumaa badala ya Alhamisi, nikaweka sahihi. Walimchukua Bakari siku ya pili. Aliomba dakika moja afunge sanduku la spana. Mke wake alinirudishia kila chombo nilichowahi kumwazima, mpaka kijiko, akaviweka mlangoni bila kuniamkia.

Mimi pia nilihojiwa tena, na nimeambiwa nisisafiri mbali. Kesi imetajwa mara mbili. Kila inapotajwa namtafuta Lemburis kwenye mabenchi ya mahakama, na kila wiki namuuliza askari wa zamu kama kuna mzee amefika kutoa maelezo kuhusu kifo cha Yona.

Kwenye mnada uliopita Lemburis alikuwepo. Aliuza mafahali wawili. Tulitazamana juu ya migongo ya ng'ombe, akanyanyua fimbo kidogo kunisalimu, akageuka kuzungumza na mnunuzi. Kituoni hajaenda.